Ithibati ya ulinzi wa washiriki wa utafiti: njia tatu zilizo mbele ya taasisi ya Lubumbashi

Hospitali, kitivo au kituo cha utafiti cha Lubumbashi kikianza kushirikiana na wafadhili wa nje, hakikawii kuulizwa: watu mnaowafanyia utafiti mnawalindaje? Mmoja atajibu kwa kuonyesha namba ya FWA. Mwingine atataja mpango wa SIDCER. Wa tatu atauliza kama chuo kiombe ithibati ya AAHRPP. Watu huzitaja herufi hizi kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo fedha na miaka hupotea. FWA ni ahadi ya maandishi ambayo taasisi inaitoa kwa serikali ya Marekani. SIDCER ni utambuzi wa kamati ya maadili. AAHRPP ndiyo ithibati ya taasisi nzima, kuanzia rekta hadi muuguzi anayechoma sindano.

Kwa mwenye haraka, jibu letu ni hili. Taasisi yenye tafiti chache ijenge kwanza kamati yake, au ijiunge kwa mkataba na kamati iliyopo, kisha ijipime kwa vigezo vitano vya SIDCER hata kama haitaomba utambuzi. FWA iombwe pale fedha za wizara ya afya ya Marekani zinapoingia. AAHRPP isubiri mpaka kuwe na ofisi ya kudumu yenye watu wanaolipwa. Taasisi inayoendesha majaribio ya dawa au chanjo mfululizo ina hesabu nyingine, nayo tutaifikia.

| | FWA | SIDCER | AAHRPP |
|---|---|---|---|
| Kinachotazamwa | Ahadi ya maandishi. Hakuna ukaguzi wa kuingilia | Kamati ya maadili na kazi yake | Uongozi, kamati na watafiti kwa pamoja |
| Mtoaji | OHRP, ofisi ya wizara ya afya ya Marekani | Mtandao wa kamati za maadili uliozaliwa katika TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki ya Shirika la Afya Duniani | Shirika huru la Marekani lililoanzishwa 2001 |
| Uhai wake | Miaka 5. Usajili wa kamati miaka 3 | Kipindi maalumu, kisha kukaguliwa upya | Miaka 3 mara ya kwanza, 5 kila inaporudiwa |
| Fedha | Bila ada | Hasa safari na malazi ya wakaguzi | Ada ya maombi na ada ya kila mwaka, kulingana na wingi wa tafiti zilizo hai |
| Wageni kuja | Hapana | Husoma mafaili na kuhudhuria kikao | Husoma mafaili na kuhoji watu wa ngazi zote |

Kabla ya yote, wajibu wa hapa nchini

Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayoondoa wajibu wa Kongo. Utafiti unaogusa watu unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya humu nchini: ile ya kitabibu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kamati nyingine iliyoundwa ipasavyo, au Kamati ya Kitaifa ya Maadili ya Afya, ile CNES ya Kinshasa, pale utafiti unapoihusu. Dawa ikifanyiwa majaribio, ACOREP, mamlaka ya dawa, nayo ina neno lake. Taarifa binafsi za washiriki zinaguswa na Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023. Mtu mzima ni mwenye miaka 18. Idhini iliyotolewa Ubelgiji au Marekani ni ya huko. Mshirika anayesema "kamati yetu imeshamaliza yote" hajamaliza. Hata sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Januari 2020, inayotaka kamati moja ipitishe utafiti wa vituo vingi, inahusu sehemu za utafiti zinazofanyika ndani ya Marekani. Kituo cha Kampemba au Likasi kinabaki na mapitio yake.

FWA: nyepesi kuipata, nyepesi kuipoteza

Fomu hujazwa mtandaoni. Inataka jina la taasisi, kiongozi mwenye mamlaka ya kuifunga taasisi kwa saini yake, mtu anayesimamia ulinzi wa washiriki siku hadi siku, na kamati iliyosajiliwa OHRP. Kamati yenyewe inapaswa kufuata 45 CFR 46, kanuni ya Marekani ya kuwalinda washiriki wa utafiti: wajumbe wasiopungua 5, angalau mmoja mwanasayansi, mmoja asiye mwanasayansi, na mmoja asiye na uhusiano wowote na taasisi. Huyu wa mwisho huleta matatizo kuliko wote. Mke wa dekano si mtu wa nje, kwa sababu kanuni inawatoa pia jamaa wa karibu wa watu wa taasisi. Akidi ni zaidi ya nusu ya wajumbe, na asiye mwanasayansi lazima awe miongoni mwa waliohudhuria. Kamati ya watu 5 hasa huvunjika mmoja akiugua na mwingine akiwa Kolwezi. Weka 9 au 11, wenye wasio wanasayansi wawili au watatu.

Tatizo la FWA huja baadaye. Rekta anabadilishwa, jina la zamani linabaki kwenye fomu. Barua pepe iliyoandikwa ni ya binafsi ya daktari aliyekwisha kuhama, kwa hiyo onyo la kuisha kwa miaka 5 linamfikia yeye peke yake. Usajili wa kamati, ambao huisha mapema zaidi, unasahaulika kwa sababu watu wanahesabu tarehe moja badala ya mbili. Mabadiliko ya watu hawa yanatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 90. Fungueni anwani ya barua pepe ya ofisi, si ya mtu, na andikeni tarehe zote mbili za kuisha kwenye kalenda ya sekretarieti, na onyo la miezi 4 kabla.

FWA haithibitishi kwamba mnafanya kazi vizuri. Inathibitisha kwamba mmeahidi. Mfadhili mzoefu analijua hilo, ndiyo maana baada ya namba ataomba kuona kumbukumbu za vikao.

SIDCER: kipimo cha kamati

Vigezo vya SIDCER ni vitano: muundo na wajumbe wa kamati, kufuata taratibu maalumu zilizoandikwa, ukamilifu wa mapitio, kazi inayofuata baada ya idhini, na utunzaji wa nyaraka. Wakaguzi ni watu wa kamati nyingine, wenzenu wa kazi. Wanasoma taratibu, wanafungua mafaili, wanawahoji wajumbe, na wanakaa nyuma ya chumba wakati kikao halisi kinaendelea. Kamati nyingi zilizotambuliwa ziko Asia, kwa hiyo anayeomba kutoka Katanga ategemee safari ndefu za wakaguzi na barua nyingi za kupanga tarehe.

Kigezo cha kwanza na cha pili hutengenezwa mezani kwa miezi michache. Vitatu vinavyobaki haviigizwi, kwa sababu vinasomwa kwenye karatasi za miaka iliyopita.

Chukueni kumbukumbu za kikao, ile PV. Nyingi husema hivi kuhusu itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa: "Kamati ilijadili itifaki na kuipitisha kwa masharti." Mkaguzi hapati chochote hapo. PV inayofaa inaonyesha nani alikuwepo na aliingia saa ngapi, nani alitoka nje kwa sababu ya mgongano wa maslahi na katika jambo lipi, hatari gani zilitajwa, kwa nini zilionekana zinavumilika ukilinganisha na faida, fomu ya ridhaa ilisemwaje, wangapi walikubali, wangapi walikataa, wangapi hawakupiga kura. Na uamuzi uwe na muda: idhini ya mwaka mmoja, au mfupi zaidi kama hatari ni kubwa. Katika mji ambao maprofesa wa tiba wanafahamiana wote, mgongano wa maslahi si tukio la nadra. Msimamizi wa tasnifu anakaa kwenye kamati inayopitia tasnifu hiyohiyo. Suluhisho ni kwamba atoe maelezo akiulizwa, kisha atoke chumbani kabla ya mjadala na kura, na PV iseme hivyo. Kubaki kimya kitini hakutoshi. Macho yake yanapiga kura.

Kigezo cha nne ndicho kinachoangusha kamati nyingi. Utafiti ukipitishwa, faili linafungwa, na kamati inausikia tena siku ya kutetea tasnifu. Ripoti ya maendeleo haikuletwa, hakuna aliyeidai. Itifaki ilibadilishwa katikati, dozi au idadi ya sampuli ikaongezwa, bila marekebisho kupitishwa. Tiba yake ni daftari moja, la karatasi au la kompyuta, lenye mistari ya kila utafiti: tarehe ya idhini, tarehe ya kuisha, barua ya kukumbusha iliyotumwa siku 60 kabla, ya pili siku 30 kabla, ripoti ya mwisho. Idhini ikiisha bila kuhuishwa, kuandikisha washiriki wapya kunasimama siku hiyo. Walio kwenye matibabu wanaendelea pale tu kuacha kungewaumiza. Halafu mjumbe mmoja na katibu watembelee angalau tafiti mbili kwa mwaka, wakague fomu 10 za ridhaa zilizosainiwa dhidi ya toleo lililopitishwa. Toleo la zamani lililochapishwa kwa wingi na kuendelea kutumika ni kosa linaloonekana karibu kila mahali, na linazuilika kwa muhuri wa kamati wenye tarehe kwenye kila ukurasa.

Kuhusu nyaraka, mvua za Lubumbashi za Novemba hadi Machi zinastahili kuingia kwenye taratibu zenu. Kabati la chuma lenye kufuli, lililoinuliwa kutoka sakafuni, na nakala ya pili ya dijitali iliyofungwa kwa nywila na kutunzwa jengo lingine. Umeme wa SNEL ukikatika wakati wa kuhifadhi faili, kompyuta isiyo na betri ya akiba hupoteza kazi ya siku. Kanuni ya Marekani inataka rekodi za kamati kuhusu utafiti zitunzwe angalau miaka 3 baada ya utafiti kumalizika. Kwa majaribio ya dawa mkataba na mfadhili huongeza miaka, kwa hiyo someni mkataba kabla ya kuchoma chochote.

AAHRPP: kipimo cha nyumba nzima

Hapa swali linabadilika. AAHRPP haiulizi tu kama kamati inapitia vizuri. Inauliza kama taasisi ingeweza kumlinda mshiriki hata kama kamati imekosea. Vigezo vimegawanywa katika maeneo matatu: taasisi, kamati, na mtafiti pamoja na wasaidizi wake. Eneo la taasisi ndilo lenye mzigo mkubwa, na ndilo ambalo vyuo vyetu havijalizoea, kwa sababu tumezoea kuiachia kamati kila kitu.

Angalieni yaliyomo: rasilimali zinazotengwa kwa ajili ya ulinzi huu; njia salama ya mshiriki kuuliza, kulalamika au kutoa wazo; ushirikishwaji wa jamii; kupima ubora wa programu kila mwaka na kurekebisha; migongano ya kifedha ya watafiti na ya taasisi yenyewe; utunzaji wa dawa na vifaa vya majaribio; mikataba na wafadhili. Hili la mwisho peke yake lingetosha kuifanya safari iwe na maana hata kwa asiyeomba ithibati. Mkataba unapaswa kusema nani anagharamia matibabu ya mshiriki aliyeumizwa na utafiti. Unapaswa kumlazimisha mfadhili kuiarifu taasisi haraka akigundua jambo linalogusa usalama wa washiriki, hata baada ya utafiti kufungwa. Na unapaswa kusema matokeo yatatangazwaje. Mikataba mingi husainiwa na ofisi ya fedha bila mtu wa maadili kuisoma, na siku mtoto anapovimba mkono baada ya sindano, kila upande unasubiri mwenzake.

Umuhimu wa kifungu cha usalama ulionekana humu nchini. Jaribio la PALM la dawa za Ebola lilianza Novemba 2018 mashariki mwa Kongo, likisimamiwa na INRB, taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, pamoja na NIAID, taasisi ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza, na likaandikisha wagonjwa 681. Agosti 2019 bodi huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri lisimamishwe, kwa sababu dawa mbili kati ya nne zilionekana kuokoa maisha zaidi. Wagonjwa waliofuata wakapewa hizo mbili tu. Habari kama hiyo inapotoka, inapaswa kuwa imeandikwa tayari nani anampigia nani, kamati inakutana ndani ya saa ngapi, na wagonjwa waliopo wataambiwa nini.

Maombi ya AAHRPP yana hatua. Kwanza taasisi inajitathmini kigezo kwa kigezo. Kisha inatuma maombi ya hatua ya kwanza: maelezo ya programu, sera, taratibu, fomu, na fahirisi inayoonyesha kila kipengele cha vigezo kimejibiwa ukurasa gani wa hati gani. Wahakiki wanarudisha maswali. Taasisi inarekebisha na kutuma hatua ya pili, pamoja na orodha ya tafiti zilizo hai na ya watu muhimu. Baadaye wakaguzi wageni wanakuja, wanachagua mafaili na watu wa kuhoji, wanaandika ripoti, taasisi inaijibu, na Baraza la AAHRPP linaamua: ithibati kamili, ithibati yenye sharti, uamuzi kusubiri marekebisho, au kunyimwa.

Ile fahirisi inadharauliwa, nayo ndiyo kazi yenyewe. Kipengele kisicho na ukurasa ni pengo. Kipengele chenye kurasa tatu zinazopingana ni pengo kubwa zaidi. Mtu mmoja aishike fahirisi tangu siku ya kwanza, na hakuna hati inayobadilishwa bila yeye kujua.

Kosa linaloua maombi mengi ya taasisi changa ni kunakili sera za chuo cha Marekani. Hati inapendeza, ina kurasa 200, inataja ofisi ambazo Lubumbashi hazipo na sheria za jimbo ambalo hakuna aliyewahi kulifika. Mgeni anamuuliza mfamasia: "Dawa ya majaribio ikirudi haijatumika, unafanya nini?" Mfamasia anajibu vizuri, kwa mazoea yake ya kila siku. Lakini jibu lake halifanani na sera. Sasa taasisi imeonekana inavunja sera yake mwenyewe, ilhali mfamasia alikuwa anafanya kazi yake ipasavyo. Andikeni kile mnachofanya, kirekebisheni pale kinapopungua kigezo, kisha kiandikeni tena. Kurasa 60 zinazojulikana na watu zinashinda 200 zilizolala.

Kazi ya AAHRPP huendeshwa kwa Kiingereza, na hati zetu ni za Kifaransa. Tafsiri iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na afanye mtu anayejua utafiti. Mfasiri wa kawaida atachanganya ridhaa ya mtu mzima na kukubali kwa mtoto.

Ridhaa ya Lubumbashi, pale njia zote tatu zinapokutana

Fomu ya ridhaa hupitishwa kwa Kifaransa, kisha inatafsiriwa kwa Kiswahili sanifu, kisha inasomwa kwa mama wa Katuba ambaye hazungumzi Kiswahili hicho. "Ushiriki wako ni wa hiari na unaweza kujiondoa wakati wowote bila kuathiri matibabu yako." Sentensi ni sahihi na haimfikii. Kwa lugha ya mtaani ingekuwa karibu na hivi: "Mama, hakuna mwenye atakulazimisha. Ukikatala leo, ao ukiacha katikati, ku hopitali batakutunza sawa kila siku." Hata neno la kuchukua damu linatofautiana: hapa damu "wanaikamata", na mhakiki kutoka Dar es Salaam akisoma hivyo atashtuka. Kamati inapaswa kuwa na mjumbe anayeweza kuamua tofauti hizi, na taratibu ziseme wazi kwamba toleo la kusomwa kwa washiriki linaandikwa kwa Kiswahili cha mji.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Mtu wa kwanza anatafsiri kutoka Kifaransa. Wa pili, ambaye hajaiona ya Kifaransa, anairudisha kwa Kifaransa, na tofauti zinajadiliwa. Kisha fomu inasomwa kwa watu 8 hadi 10 wa mtaa unaofanana na ule wa utafiti, Kenya, Katuba au Ruashi, na kila mmoja anaulizwa maswali matatu: tutakufanyia nini? Ukikataa, itakuwaje? Tatizo likitokea, utamwita nani? Wawili wakikosea swali la pili, andikeni upya. Kipimo kisemwe kwa kitu kinachojulikana: mililita 5 za damu ni kijiko kimoja kidogo cha chai. Hofu ya damu kuuzwa haitaondolewa kwa kunyamaza. Semeni damu inakwenda wapi, inapimwa nini, inamwagwa lini. Kwa asiyesoma, awepo shahidi asiye mtu wa utafiti, anayesikiliza tangu mwanzo na kusaini pamoja na dole gumba la mshiriki. Shahidi anayeitwa mwishoni ili asaini hakushuhudia kitu.

Tafiti za migodini zinaongeza mzigo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa chuo cha KU Leuven cha Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi 351 wa Katanga, wakionyesha kiwango kikubwa cha kobalti kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Utafiti wa aina hii ni wa lazima kwa afya ya watu wetu, na unaleta maswali ambayo kamati iliyozoea majaribio ya dawa haijayafikiria. Mchimbaji akipewa jibu kwamba mkojo wake una kobalti nyingi, atafanya nini nalo ikiwa kuhama hawezi? Ripoti ikitaja jina la mgodi, ushirika mzima wa wachimbaji unaweza kupoteza wanunuzi. Ruhusa ya mwenyekiti wa ushirika au ya chifu inafungua mlango. Haiwi ridhaa ya mtu. Na vijana wa chini ya miaka 18 wanaokutwa mgodini bila mzazi hawawezi kuandikishwa kwa saini ya bosi wao. Itifaki iseme mapema nani atafuatwa, na kama hakuna wa kufuatwa, kijana asiandikishwe, hata kama utafiti unamhitaji. Hapa jina la taasisi halitoshi. Kamati iwaite wanaoijua migodi na wahamasishaji wa afya wa mtaa, wale reko, iwasikilize kabla ya kupitisha.

Sampuli zikivuka mpaka, mkataba wa kuhamisha sampuli uandikwe kabla ya chupa ya kwanza kufungwa: idadi, vipimo vitakavyofanyika, muda wa kutunzwa, kama zitarudi au zitaharibiwa, na kwamba kipimo kipya kinarudi kwanza kwa kamati ya hapa. FWA haitawauliza hayo. SIDCER itayakuta kwenye faili, au haitayakuta. AAHRPP itauliza nani katika taasisi anahakikisha yanafanyika.

Kuchagua

Taasisi yenye tasnifu za wanafunzi na uchunguzi wa maswali, bila majaribio ya tiba, haihitaji hata kamati yake. Iandikiane mkataba na kamati iliyopo, na mkataba useme nani anapokea itifaki, nani anafuatilia baada ya idhini, nani anaripoti tukio baya na ndani ya saa ngapi, na kamati inaruhusiwa kuja kukagua. Bila mstari wa ufuatiliaji, kila upande utafikiri mwenzake anafuatilia.

Hospitali au kituo kinachopokea fedha za NIH, taasisi za utafiti za wizara ya afya ya Marekani, kupitia mshirika wa Marekani kinahitaji FWA, hilo halina mjadala. Waifanye sambamba na kujipima kwa SIDCER: vigezo viwili vya mwisho vitawaonyesha ndani ya mwezi mmoja hali halisi ya mafaili yao. Kama matokeo ni mazuri, kuomba utambuzi kunafaa, kwa sababu kikao kinachotazamwa na wenzenu kinafundisha kuliko semina tatu. Kwa kupanga, hesabuni miezi 9 hadi 12 kutoka kujipima hadi wakaguzi wafike.

Taasisi yenye majaribio ya tiba mfululizo, wafadhili zaidi ya mmoja na duka la dawa za utafiti ielekee AAHRPP, lakini baada ya mizunguko miwili kamili ya kujikagua kila mwaka, ili kuwe na kitu cha kuonyesha. Bila mratibu wa kutwa nzima, msaidizi wa nyaraka, na mtu wa kukagua tafiti asiye mtafiti, msianze. Watu hawa watatu wawe kwenye bajeti ya taasisi, si ya mradi mmoja. Mradi ukiisha na programu ikafa, ada ya mwaka wa pili italipwa kwa ajili ya ofisi iliyofungwa.

Kuna sababu moja ambayo tunaikataa: kuomba ithibati ili kuiweka kwenye kipeperushi. Maombi ya namna hiyo huvunjika kwenye mahojiano, kwa sababu muuguzi hajui kwamba taasisi inaomba chochote.

Miezi mitatu ya kwanza, kwa njia yoyote

Kazi ya kwanza ni orodha ya tafiti zote zilizo hai. Inaonekana rahisi, na inakwama hapohapo: kitivo kina orodha yake, hospitali yake, kamati yake, na hazilingani. Tafiti zinazoonekana kwenye orodha moja tu ndizo za kufuatilia kwanza, kwa kuwa baadhi zinaendelea bila idhini hai.

Ya pili, chagueni mafaili 10 bila kuchagua kwa macho, matatu yakiwa ya tafiti zilizofungwa. Kila faili liwe na itifaki iliyopitishwa, fomu ya ridhaa yenye muhuri, wasifu wa mtafiti mkuu na cheti chake cha mafunzo, PV, barua ya idhini, marekebisho, ripoti, matukio mabaya, na barua ya kufunga. Andikeni kinachokosekana bila kukijaza kwanza. Hati iliyoandikwa leo na kupewa tarehe ya mwaka juzi ni udanganyifu, na wakaguzi wanautambua kwa wino na kwa tarehe za kompyuta. Weka waraka wa leo unaosema hati fulani haikupatikana na hatua gani imechukuliwa.

Ya tatu haihitaji bajeti. Kila fomu ya ridhaa ina namba ya simu ya mtafiti na ya kamati. Chukueni fomu tano zinazotumika sasa, mpige namba zote mbili, mara moja asubuhi na mara moja saa mbili usiku. Andikeni ni ngapi zilijibiwa, na aliyejibu alijua utafiti gani unaulizwa.